Maziwa ya Kuingilia Tangini

Byabato alizikwa Kagoma, nyuma ya nyumba yake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Nilifika asubuhi kutoka Muleba mjini, nikaketi na wanawake kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, na kabla sijamaliza kumpa mjane pole, binti mmoja wa nyumba ile alipiga magoti mbele yangu akiwa na kikombe cha bati. Wenzangu wote walikuwa wamepewa chai ya rangi. Mimi nililetewa maziwa ya moto, yamejaa hadi ukingoni, na utando wa manjano ulikuwa umeanza kujikunja juu yake kama gaga la kidonda. Mjane akaniinamia. "Kunywa, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Marehemu alituachia neno. Kemilembe akija hapa asipewe chai. Alisema ni maziwa yako yaliyomtoa kwenye tangi." Wanawake waliokuwa karibu waligeuka kunitazama kwa heshima. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili, nikashukuru, lakini sikukipeleka mdomoni. Sijanywa maziwa tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Watu wakiniuliza sababu, huwa nasema yananiletea kiungulia. Ni rahisi kuliko kueleza. Kueleza kungenilazimu kuanza na mtambo wa majitaka uliokuwa chini ya Kagondo, pembeni ya mji wa Bukoba, mtambo ambao siku hizi haupo. Zimebaki kuta za zege na magugu, na kampuni iliyouendesha ilikwishakufa. Ulikuwa mtambo mdogo. Magari ya kunyonya majitaka yalitoka kwenye mashule na nyumba za wageni, yakaja kumwaga mzigo wao kwenye tangi la kwanza, ambalo lilizikwa ardhini na kufunikwa kwa zege, likaachiwa midomo miwili ya kuingilia yenye mifuniko ya chuma. Humo tope lilituama, na maji yaliyobaki juu yakapita kwenda kwenye mabwawa ya wazi. Mpangilio ule ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Lakini watu hutupa chooni kila wanachotaka kukisahau, matambara, mifuko ya plastiki, pedi, nywele za kusukia, hata viatu, na vitu hivyo vyote vilikwenda kujisokota kwenye mdomo wa pampu iliyokuwa sakafuni mwa tangi. Pampu ikinyamaza, mtu alishuka kwa ngazi, akaviondoa kwa mikono.

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Wazazi hawakuwapo tena, na huko Ijumbi, upande wa Muleba, wadogo zangu wawili, Koku na Deo, walikuwa wakilelewa na shangazi ambaye aliniambia wazi kwamba anaweza kuwapa paa lakini si chakula. Tata Kaijage, tata kwetu ni baba, aliyekuwa kiongozi wa vibarua wa mtambo, alikuwa ameoa Ijumbi, na ndiye aliyenichukua. Kazi yangu ilikuwa kufyeka majani kuzunguka mabwawa, kuosha mabuti, kuchemsha chai na, kama nilivyoelezwa siku ya kwanza, kuchemsha maziwa. Sikuelewa maziwa yalihusu nini. Tata Kaijage alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusali. Ndani ya tangi kuna hewa mbaya, alisema, na hewa ile ni sumu, na sumu huvunjwa na maziwa. Kila anayeshuka lazima kwanza anywe kikombe kikubwa cha maziwa yaliyochemka, akiwa bado amesimama, na asiache hata tone. Kampuni yenyewe ilikuwa ikiyaleta maziwa hayo kila asubuhi kwenye kidumu. Aliposema hivyo alitabasamu kwa fahari, kwa sababu waajiri wengi hawakuwajali watu wao kiasi hicho.

Nitasema kitu kimoja kuhusu uvundo, kisha niuache. Mtu anayepita karibu na majitaka anaziba pua na kwenda zake, akidhani ameujua. Anayefanya kazi hapo anaishi nao kwa namna nyingine. Uliingia kwenye mkate. Uliingia kwenye sabuni, kiasi kwamba kuoga kulikuwa ni kujipaka tena. Nilipanga chumba Kagondo, chumba cha udongo chenye kitanda, ndoo na dirisha la ubao, na ukuta baina yangu na mwenye nyumba ulikuwa mwembamba kiasi cha kusikia akikuna kichwa. Jioni moja nilimsikia akimwambia jirani yake kwamba binti wa chumba cha pili ananuka kama amezaliwa chooni, lakini ni mtulivu, na afadhali harufu kuliko wanaume. Nililala nikiwa nimefarijika, fikiria. Nilikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa kijiko, mimi niliyelelewa kula kwa mkono kama kila Mhaya, na hata kijiko nilikisugua kwa majivu kabla na baada. Nilipokwenda Ijumbi kuwaona wadogo zangu, Koku alinichemshia mchaichai akanimwagia mwili mzima, na Deo, ambaye bado hakuwa na aibu, alikataa kipande cha ndizi kutoka mkononi mwangu, akangoja nikiweke kwenye sahani.

Kisha ukaja msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Wanawake wa mjini waliruhusiwa kuingia alfajiri kuwaokota kwenye majani marefu yaliyozunguka mabwawa, kwa kuwa majani yetu yalinawiri kuliko ya mtu yeyote, na kila mtu alijua kwa nini. Walijaza vikapu, wakaenda sokoni. Jumapili iliyofuata nilikuwa Ijumbi, na jirani akaleta bakuli la senene waliokaangwa, wekundu, wametiwa chumvi vizuri, akasema wametoka Bukoba, wamenona ajabu. Kila mtu alitafuna. Shangazi alilamba vidole. Mimi nilitoka nje nikashika mgomba kwa mikono miwili, na nilichowaza hakikuwa senene. Niliwaza kwamba hakuna anayetaka kujua kitu kinatoka wapi, ilimradi kimekaangwa.

Maziwa yalinichukiza tangu wiki ya kwanza, kabla sijajua kama yanafaa au hayafai. Jiko langu lilikuwa banda la mabati lililojengwa karibu kabisa na mdomo wa tangi, kwa sababu wanaume walitaka kunywa na kushuka moja kwa moja, nguvu ya maziwa isipoe. Niliyachemsha kwenye sufuria nyeusi, nikayaangalia yakitengeneza utando. Nikigeuza macho, niliona, kupitia mdomo uliofunguliwa, utando mwingine ndani ya tangi, wa kijivu na kahawia, umevimba katikati, ukipumua polepole viputo vilipopanda kutoka chini. Tando mbili, mmoja wa kunywa na mmoja wa kuogopwa, na nzi wale wale wakirukaruka baina yake. Byabato alikuwa akiupenda ule wa sufuriani. Aliuchota kwa kidole chake, nami nilijua kidole kile kilitoka wapi, akaudondosha mdomoni, akafumba macho.

Byabato ndiye aliyekuwa akishuka mara nyingi. Alikuwa na mabega ya mtu anayebeba mikungu miwili, na ulimi usiolala. Aliniita Nshomile wa Kidato cha Pili, yaani msomi, kwa vile niliwahi kukosea kusema mbele yake kwamba shuleni tulisoma habari za hewa. Kila asubuhi aliniuliza kama nshomile ameamkaje, na kama vitabu vyangu vimesema leo mvua itanyesha. Nilimjibu kwamba vitabu vimesema anawe mikono. Alicheka hadi akakohoa.

Aliyenifungua macho alikuwa injinia mmoja aliyeletwa kukagua mtambo. Alikaa nasi asubuhi nzima, hakufunika pua, na alizungumza na kila mtu kwa jina. Alituambia kwamba hewa ya tangini ni aina zaidi ya moja, na mbaya kuliko zote hunuka kama yai bovu, lakini ikizidi huua pua kabla ya kumuua mwenye pua. Alitukazia macho aliposema hivi: ukiwa ndani, ukaona harufu imekwisha, usifurahi, panda. Akatutaka mifuniko yote miwili ifunguliwe asubuhi, na asishuke mtu mpaka jua liwe juu na upepo uwe umepita vya kutosha, tena hewa ipimwe kwanza. Akaomba kipimo. Kililetwa kutoka kwenye kabati, kifaa kidogo cha manjano, na betri yake ilikuwa imeoza ndani yake, imetoa ukoko wa kijani. Aliuliza kimekaa hivyo tangu lini. Akaomba na kamba ya kumfungia anayeshuka, akaambiwa ipo, ikatafutwa, ikaonekana imefungia mbuzi wa mlinzi. Mwisho akauliza maziwa yale ni ya nini, na Tata Kaijage akamweleza kwa ile sauti yake ya kusali. Injinia alisema kwa upole kwamba maziwa ni chakula kizuri, lakini hewa haiingii tumboni, inaingia kifuani, na anayeanguka ndani wenzake wasimfuate, kwa maana watakufa kwa mstari kama siafu kwenye maji. Wote walitikisa vichwa, wakasema ndiyo. Alipoondoka, Byabato aliuchota utando wake kama kawaida.

Mimi nilimwamini kwa sababu ya paka. Kulikuwa na paka wa mtambo, mnene, ambaye kila siku alilamba sufuria baada ya wanaume kunywa. Hakuna kiumbe pale aliyekuwa na maziwa mengi mwilini kuliko yeye. Asubuhi moja, mfuniko ulipofunguliwa, nilimwona kwenye kidato cha juu cha ngazi, ndani kidogo tu ya mdomo, amelala kama aliyejinyoosha juani. Hakuwa na jeraha lolote. Labda alimfuata panya usiku, mfuniko ulipoachwa wazi kidogo. Nilimvuta kwa reki, na masharubu yake yalikuwa bado na maziwa yaliyoganda. Nikamwambia Tata Kaijage, huyu alikunywa, na amekufa. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa haki kabisa, kisha akaniambia kwamba paka alikuwa akilamba yaliyopoa. Ya kupoa hayana kazi.

Siku hizo nilikuwa nikiamka na hesabu moja kichwani. Mimi nikianguka, Koku na Deo hawana mtu. Nilikuwa sishuki tangini, lakini nilijua kwamba mtu akianguka ndani watu watakimbilia kumtoa, na mimi nilikuwa pale, na nina miguu kama wao. Niliogopa miguu yangu mwenyewe. Niliona pia kwamba siwezi kuwaondolea wanaume imani yao, kwa sababu hawakuwa na kitu kingine. Kampuni iliyokataa kununua betri ilileta maziwa, na wao wakaipenda kampuni. Hilo lilinichefua kuliko yote yaliyokuwa ndani ya tangi. Ndipo nikaona kwamba maziwa hayo yako mikononi mwangu. Anayeyachemsha ni mimi, anayeyagawa ni mimi, na hakuna mwanaume hata mmoja pale ambaye angethubutu kushuka bila kuyanywa.

Nilikwenda mjini, kwenye duka la Mzee Jivan, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki wakiuza vifaa, nikaomba kamba. Alinitolea iliyokuwa karibu, kisha akainusa hewa baina yetu, akaniuliza kamba ya mbuzi au ya mtu. Nikasema ya mtu. Akairudisha ile, akatoa nyingine ya manila, nene, akamwita kijana wake, wakaitupa juu ya boriti ya duka, na kijana akaning'inia huku wateja wakitazama. "Ya mtu tunaipima kwa mtu," akasema. Kisha akanionyesha fundo la kupitisha chini ya makwapa, ambalo halikazi kifua, akanifanya nilifunge na kulifungua mpaka aliporidhika. Hakuuliza zaidi. Nilipotoka alisema neno moja tu, kwamba kamba haina maana kama mwisho wake wa pili haujafungwa kwenye kitu kisichoweza kuingiwa na hofu.

Siku iliyofuata pampu ilinyamaza, na Byabato akaja kudai maziwa. Nilifunika sufuria. Nikamwambia kuanzia leo anayetaka maziwa atakuja amefungwa kamba, na mwisho wa pili umezungushwa kwenye nguzo ya chuma iliyo kando ya mdomo. Alinitazama kama niliyeongea Kichina. Akamwita Tata Kaijage aje amwone mwanamke anayefunga wanaume kama mbuzi. Tata Kaijage alikuja, akaniuliza kwa ukali nimepata wapi amri hiyo. Nikasema maziwa yanahitaji mtu aliyetulia, na kamba humtuliza mtu. Mungu anisamehe, lilikuwa jibu la kipumbavu, lakini lilikuwa la lugha yao. Tata Kaijage alilitafuna, akaona lina ladha. Tangu siku hiyo ikawa sheria, kwanza kamba kisha maziwa, na baada ya wiki chache walikuwa wakiitetea kama kwamba imetoka kwa babu zao. Kuhusu mifuniko niliwashinda mara mojamoja tu. Siku zisizo na haraka walingoja. Siku za haraka hawakungoja.

Siku yenyewe ilikuwa ya haraka. Shule zilikuwa zimekaribia kufunguliwa, magari matatu yalikuwa yamepanga foleni getini yakivuja, pampu ilikuwa imenyamaza, na msimamizi wa kampuni alikuwa amekuja na kubaki ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, akitazama saa. Mfuniko mmoja ulifunguliwa. Wa pili ulikuwa umekwama kwa kutu, na wakasema mmoja unatosha. Nilisema tungoje. Byabato akaniuliza kama vitabu vimesema tungoje mpaka Krismasi. Alikuja amefungwa kamba, kwa kweli fundo lilikuwa zuri, nililikagua mwenyewe, akanywa maziwa akiwa amesimama, akauchota utando, akashuka. Tulimsikia akikohoa, akitukana matambara moja moja. Alimsimanga mwenye shule fulani ambaye watoto wake wanatupa soksi chooni. Wanaume walicheka kando ya mdomo. Kisha sauti yake ikapanda, laini na ya furaha.

"Nshomile! Leo humu hamnuki hata kidogo."

Nilimpigia kelele apande. Nadhani niliita jina lake mara nyingi. Kamba ilitikisika kidogo, kama anayecheka, halafu ikawa nzito. Nilitazama ndani, nikaona mgongo wake juu ya tope na mkono mmoja umeshika kidato cha chini, ukiachia kidole kimoja kimoja.

Tata Kaijage hakuipeleka mikono yake kwenye kamba. Alikimbilia jikoni. Nilielewa mara moja alichokuwa akifanya. Alikuwa anakwenda kunywa ili ashuke. Alikuwa mzee kuliko baba yangu angekuwa, hakuwa na kamba, na kikombe kilikuwa tayari mkononi mwake, na nyuma yake kulikuwa na vibarua wawili wakivua mashati, wao nao wakingoja zamu ya kikombe. Siku zote walikuwa watu wa utaratibu. Nisingeweza kumshika Tata Kaijage. Kwetu binti hamshiki mzee, na hata kama ningemshika, alikuwa na nguvu kuliko mimi. Niliruka kuelekea jikoni, nikaipiga sufuria teke.

Maziwa yalimwagika yote. Yalitambaa juu ya zege, yakafika mdomo wa tangi, yakaanza kuchuruzika ndani kwa uzi mweupe. Kila mtu alisimama. Kwetu kumwaga maziwa kwa makusudi ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi, na wanaume wale walikuwa wakitazama sumu ikiingia duniani bila kizuizi. Tata Kaijage alishika kikombe kitupu.

"Umefanya nini, omwisiki, binti wewe?"

"Hakuna maziwa, Tata," nikasema. "Hakuna anayeshuka. Shikeni kamba."

Naye, kwa kuwa hakukuwa na maziwa, hakushuka. Aliweka kikombe chini, tena taratibu, akaja kwenye nguzo. Tulivuta sote, mimi, yeye, wale wawili na dereva wa gari la kwanza, na kamba ya Mzee Jivan ililia kwenye chuma lakini haikukatika. Byabato alitoka mdomoni mwa tangi kichwa kimeinama, uso umekuwa rangi ya majivu ya mvua, tope limemjaa masikioni. Tulimburuta hadi mbali, penye upepo. Nilipiga magoti, nikamgeuza ubavu, nikatia vidole mdomoni mwake kuondoa uchafu, na hapo akapumua, na alipopumua akatapika. Alitapika maziwa. Yalikuja mkononi mwangu na kwenye mapaja yangu, ya moto, yameganda mabonge mabonge, na utando wenyewe ulitoka mzima, umekunjamana kama kitambaa, ukaning'inia kwenye vidole vyangu. Na juu ya kichwa changu nilimsikia mmoja wa vibarua akisema kwa sauti ya shukrani kwamba mnaona, mnaona, maziwa yameikamata sumu yakaitoa.

Hiyo ndiyo sababu ya kiungulia changu.

Msimamizi alishusha kioo kiasi cha vidole viwili. Aliuliza kama mtu yule yu hai, akaambiwa yu hai. Akauliza ni nani aliyemwaga maziwa. Jioni ile niliambiwa nisirudi, kwa kosa la kuharibu kinga ya wafanyakazi. Baadaye nilisikia kwamba kampuni iliwaongezea maziwa, kidumu kikawa viwili, na betri haikununuliwa. Ninapolifikiria hilo hata leo, na nimelifikiria nikiwa nimelala na nikiwa kanisani, ninachohisi si hasira. Hasira ingekuwa imekwisha. Ninachohisi ni kile unachohisi ukikanyaga kitu laini gizani.

Tata Kaijage alinisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Alinibebea kifurushi changu. Tulikwenda mpaka tulipofika penye njia panda. "Ningeshuka," akasema. Nikamwambia najua, Tata. Akakitazama kifurushi. "Bila maziwa nisingeshuka," akasema, kisha akanipa kifurushi, akaniambia kasinge, ahsante ya kwetu, akageuka. Hakuwahi kulisema tena kwa mtu yeyote, nijuavyo mimi, na alikufa akiamini maziwa. Lakini alikufa kitandani.

Nilirudi Muleba. Niliuza vitumbua, kisha mafuta ya taa, kisha misumari, na sasa nina duka la vifaa vya ujenzi, na Koku na Deo wana watoto wanaonisumbua kwa simu. Kamba ninaziuza, na kila anayekuja kununua kamba namwuliza ni ya mbuzi au ya mtu. Byabato alipona, isipokuwa pua yake haikurudi. Aliishi miaka yote hiyo bila kusikia harufu ya kahawa ikikaangwa wala ya mvua, na alilifanyia mzaha, akisema alimpata mke wake kwa bei ya kutupa kwa kuwa hakuweza kumnusa. Kila mwisho wa mwaka alinitumia kahawa, na ujumbe kwa nshomile. Sikujua kwamba nyumbani kwake alikuwa akisimulia hadithi nyingine.

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu wakati kijana mmoja alipokuja kuketi karibu nami. Alikuwa na mabega yale yale. Alijitambulisha kuwa ni Kamugisha, mwana wa kwanza wa marehemu, akaniambia kwamba ana kikosi chake cha watu wanne, wanasafisha matangi na mashimo ya mashule huku Muleba hadi Bukoba. Baba ndiye aliyemfundisha kazi. Nikamwuliza alifundishwa nini. "Asishuke mtu bila maziwa," akasema, na nikaona anangoja nifurahi. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, "na asipewe maziwa mtu ambaye hajafungwa kamba. Hiyo baba hakuwa na mzaha nayo."

Nje walikuwa wakipigilia misumari ya mwisho ya jeneza. Nikamweleza, kwa maneno ya yule injinia kadiri ninavyoyakumbuka, kwamba hewa inaingia kifuani na si tumboni, kwamba kuna vipimo siku hizi na vinapatikana, kwamba mifuniko yote ifunguliwe asubuhi, kwamba harufu ikikata mtu apande, na kwamba maziwa hayana kazi yoyote mle ndani. Alinisikiliza kwa adabu kabisa. Alitikisa kichwa, akasema ndiyo, mama. Nilikuwa nimekwishakiona kichwa hicho kikitikisika. Kilitikisika mbele ya injinia, na baada yake kidole kikaingia sufuriani.

Basi nikamwuliza ni nani kati ya watu wake anayechemsha. Akasema mdogo wake wa kike. Nikamwambia amwambie hivi: siku mtu akianguka ndani, kabla ya kupiga kelele, kabla ya kushika kamba, amwage maziwa yote. Yasibaki hata kikombe. Wakiwa hawana maziwa hawatamfuata.

Safari hii hakutikisa kichwa. Alinitazama, akatazama kikombe mkononi mwangu. "Baba hakusema hivyo," akasema. Nikamwambia baba yake alikuwa chini, hakuona kilichokuwa kikitendeka juu.

Mjane alikuwa akitutazama kutoka upande wa pili wa chumba. Maziwa yalikuwa yamepoa, na utando ulikuwa umefunga kabisa, mgumu, umeshika kingo pande zote. Niliinamisha kikombe nikayamwaga, pale pale, juu ya nyasi za msiba, mbele ya wanawake wote, hadi tone la mwisho, na utando ukaanguka wa mwisho ukabaki juu ya nyasi. Mjane aliinuka nusu. Kamugisha hakuniondolea macho, na mimi nilimtazama yeye peke yake mpaka nilipohakikisha kwamba ameona.